Sanduku Lililokwisha Funguliwa

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nane Mei, mwaka 1999, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Dakika nazijua kwa sababu saa huandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta, na hicho ndicho kitu cha mwisho nilichosoma humo. Stima ilikatika, feni ikazunguka pole pole hadi ikasimama. Mama akasema, "Haya, wameanza." Haikupita muda ikarudi kwa nguvu, taa ikawaka nyeupe kuliko kawaida, na ndani ya kompyuta pakalia kitu kama punje ya bisi kwenye sufuria. Kisha ikaja harufu. Sikupiga kelele, kwani mimi si mtu wa kelele. Nilisema tu, "Mama, yanuka," naye akanisogeza kando akaanza kubonyeza kidude cha kuwashia. Akabonyeza mpaka kidole kikageuka cheupe kwenye ncha.

Chumba chetu cha chapa kiko Changamwe, kando ya barabara iendayo uwanja wa ndege, kati ya muuza matairi na duka la dawa. Lori la mafuta likipita, meza hutetemeka na Mama huinua vidole akangoja lipite. Tulikuwa tukipiga barua za madereva, kadi za harusi, ratiba za mazishi za jirani zetu Wakristo, lakini riziki yetu hasa ilikuwa mitihani. Shule nne zilituletea. Walimu huandika maswali kwa mkono, huyatia kwenye bahasha za kaki, nasi huyapiga, huyasahihisha na kuyachapa. Baba alipunguzwa kazi bandarini mwaka juzi, kwa hivyo chumba hicho ndicho kilichotulisha na kutusomesha, mimi na wadogo zangu wawili. Taipureta ya zamani Mama aliiuza ndipo akaongeza pesa za kompyuta. Hatukuwa na kitu cha pili cha kurudia.

Na pale kituo cha Mikindani palikuwa pamefunguliwa chumba kingine cha chapa, kina kompyuta mbili na mashine ya kutoa kopi. Mitihani ya mwisho wa muhula ilikuwa Julai. Kama mashine yetu haingekuwa hai kufikia hapo, shule zingekwenda Mikindani, na shule ikishahama hairudi. Hilo nililijua hata kabla harufu haijaisha.

Fundi alikuja kesho yake. Ni mtu mzima wa kutoka bara, ana miaka mingi hapa Mombasa lakini ulimi wake haujahamia. Alifungua bati la kompyuta, akainama, akavuta pumzi kwa pua kama anayeonja mchuzi.

"Mathe, hii imekwenda."

"Mimi si mathe," Mama akamwambia. "Imekwenda wapi?"

"Imekufa, mama. Mazabodi imeungua."

Akatuonyesha. Mazabodi ni ule ubao mpana wa kijani ulio ndani, unaobeba vitu vyote vingine. Kila kitu hupachikwa juu yake, na wenyewe ukifa vilivyobaki ni vyuma tu. Vyetu vilivyobaki, alisema, vilikuwa vizima. Tulihitaji ubao tu. Mpya uliofungwa ungetoka Nairobi, na alipotaja bei Mama aliketi. Ndipo fundi akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyochapwa kutoka intaneti. Duka moja la Dubai lilikuwa likiuza ubao huo huo kwa chini ya nusu ya bei, kwa sababu sanduku lake lilikuwa limeshafunguliwa.

"Lakini hiyo, mama, ni bahati yako," akasema. "Mimi sikuambii nunua, sikuambii usinunue."

Mama aliichukua ile karatasi akampelekea Baba.

Hapa lazima nieleze jinsi Baba alivyo, maana kosa letu lilitoka mahali ambapo yeye alikuwa mjuzi kuliko sisi sote. Alikuwa karani wa shedini, wa kuhesabu mizigo ikiteremshwa melini. Miaka ishirini na sita alisimama na kibao cha karatasi mkononi, akilinganisha nambari ya kwenye sanduku na nambari ya kwenye orodha. Huko shedini watu wa forodha wakitaka kuona kilichomo, sanduku hufunguliwa mbele ya karani, vitu huhesabiwa kimoja kimoja, kisha hufungwa tena kwa utepe na kubandikwa kikaratasi chenye sahihi mbili. Sanduku la namna hiyo halileti kesi. Yaletayo kesi ni yale yaliyofika yamefungwa vizuri, misumari yote mahali pake.

Jioni zile baada ya alasiri walikuwa wakikaa kibarazani kwetu yeye na wenzake wawili waliopunguzwa pamoja naye. Mimi nilikuwa ndani karibu na dirisha, nachambua mchele. Baba akawasomea ile karatasi, yaani akawaambia ilivyosema.

"Lishafunguliwa?" akauliza mmoja.

"Lishafunguliwa."

"Basi afadhali hilo."

"Mwakumbuka zile redio?" Baba akasema. "Makatoni arubaini, utepe haujaguswa hata mmoja. Ndani mna nini?"

"Magazeti mabichi na mawe," wenzake wakajibu kwa pamoja, wakacheka. Ile hadithi walikuwa wakiijua kwa moyo, na hata mimi naijua.

"Sanduku lililofungwa lina neno la mtu mmoja, yule aliyelifunga," Baba akasema. "Lililofunguliwa, kuna macho ya watu wengine yamepita ndani."

"Na wakuuzie kwa nusu bei," akasema yule wa pili. "Hao Waarabu wa Dubai hawajui wanalouza."

Nilikuwa sijamsikia Baba akicheka vile tangu alipoacha kazi. Tangu arudi nyumbani alikuwa amekuwa mtu wa kurekebisha bawaba za milango ambazo hazina ubaya.

Jumamosi tukavuka Makupa, Baba na mimi, tukaenda mjini kwenye chumba cha intaneti ambacho vijana hukiita saiba. Kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kompyuta zilikuwa sita, na watu walisubiri kwenye benchi nyuma yetu. Mtu hulipia dakika, na dakika hujihesabu pembeni mwa kioo huku waziona zikienda. Baba alivaa miwani, akaketi kitako cha wima kama aliye ofisini kwa mkubwa, akanong'ona, "Hebu tuione."

Picha ya ubao ilishuka vipande vipande kutoka juu. Nilimtafsiria jina, nambari, bei, siku za kusafirisha, maana Kiingereza yeye hakijui. Yote aliyaandika kwenye daftari lake dogo. Kisha nikafika chini ya ukurasa, mahali penye maandishi madogo ya kijivu. Niliyasoma kimya, kisha nikayasoma tena. Yalisema bidhaa hii ilirudishwa na mnunuzi wa kwanza. Duka halijaipima. Huenda vitu vya ndani havikutimia. Inauzwa kama ilivyo, hairudishwi tena, na duka halitapokea malalamiko.

"Na hayo madogo hapo chini, wasemaje?" Baba akauliza.

Nyuma yangu walikuwapo vijana wawili wakingoja. Mmoja akasema, "Dada, wasoma au walala?" Mwenzake akacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Mimi mtu asiyenijua akinisemesha, maneno hunikimbia yote, hata jina langu. Nikatazama kidole cha Baba kilichokuwa juu ya daftari, kinangoja.

"Wasema sanduku limeshafunguliwa," nikajibu.

Baba akajipiga kofi gotini. "Nilikwambiaje?"

Ndivyo ilivyokuwa. Neno nililosema lilikuwa kweli, na ndilo lililotumaliza. Ningeweza kusema ni wale vijana walionifunga mdomo, lakini wale vijana niliwaacha pale pale juu ya duka la vitambaa, na njia nzima ya kurudi tulikuwa peke yetu, Baba na mimi, na bado sikusema. Alikuwa ananunua machungwa, anabishana na muuzaji kwa raha. Nilikuwa naitaka na mimi ile kompyuta. Niliitaka kuliko nilivyojua. Wateja wakiingia humsemesha Mama, mimi huinama nikapiga chapa, na mtu anayepiga chapa haulizwi kitu. Hapakuwa na mahali pengine duniani ambapo kunyamaza kwangu kulionekana kuwa kazi.

Tulipofika nyumbani Mama alikuwa jikoni, amekalia mbuzi anakuna nazi. Aliniita.

"Abee, Mama."

"Njoo hapa. Wewe ndiwe uliyesoma. Babako hasikii la mtu akishasema la shedini. Niambie mimi, ule ukurasa wa duka wasema nini?"

Nikasema, "Wasema limefunguliwa."

"Hilo nalijua. Nani kalifungua? Kwa nini?"

Angenikodolea macho pengine ningesema. Lakini alikuwa akitazama nazi yake, na mimi nikatazama nazi hiyo hiyo.

"Sijui, Mama."

"Hujui au hutaki kusema?"

"Sijui."

Akaendelea kukuna. "Basi sote hatujui," akasema. Hakunifokea, na hadi leo natamani angenifokea.

Jumapili nilichukua kitabu hiki ninachoandikia, nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja niliandika kwa nini tununue, upande wa pili kwa nini tuogope. Upande wa kununua uliisha haraka. Bei. Mitihani ya Julai. Baba anacheka. Upande wa pili nilianza na mnunuzi wa kwanza. Kwa nini aliirudisha? Labda ilikuwa nzima ila haikuingiana na mashine yake. Labda alibadili mawazo, watu wa Dubai wana pesa za kubadili mawazo. Labda haikuwaka. Labda ilianguka. Labda ilikosa skrubu moja ambayo hatutaipata Kenya nzima. Labda aliitumia, akaiunguza, akairudisha kimya kimya. Na duka nalo, kwa nini lisiipime, lenyewe lina mafundi? Kupima ni kazi ya nusu saa, fundi wetu alisema. Mtu asiyetaka kupima anaogopa jibu. Niliandika hivyo hasa, kwa wino, nikaona kwamba nimeelewa kila kitu. Upande wa pili ulijaa ukageuka nyuma ya karatasi. Kisha nikafunga kitabu nikakitia chini ya godoro, kana kwamba kuandika ndiko kusema.

Aliyesema alikuwa Mjomba, kakake Mama, ambaye huuza spea za magari Kisauni. Alikuja kutuona juma lile, Baba akamweleza.

"Shemeji, mtu harudishi dukani kitu kizuri," Mjomba akasema.

"Nani kasema kimerudishwa? Kimefunguliwa."

"Kilifunguliwa na nani, kama si aliyekinunua?"

"Wewe wauza spea za magari yaliyopinduka," Baba akamwambia, "leo waniogopesha mimi na sanduku?"

Mama akacheka, na hata Mjomba akacheka. "Hizo zangu huzishika kwa mikono," akasema. "Nazigonga, nazinusa. Wewe utanusa nini, kioo?" Akamaliza chai yake. "Angalau waulizeni nani kalifungua. Kuuliza si ugomvi."

Baba akakubali, kwa sababu hilo lilikuwa swali la kikarani. Tukarudi mjini. Alinisomea maneno ya barua nami nikayageuza Kiingereza. Aliuliza nani alilifungua sanduku, mbele ya nani, na kama kipo kikaratasi chenye sahihi. Nilipiga vile vile kama alivyosema. Ningeweza kuongeza mstari mmoja wangu, niulize mnunuzi wa kwanza alilalamikia nini. Baba asingejua. Vidole vilikuwa juu ya vibonyezo na dakika zinakwenda. Sikuongeza.

Baada ya siku tatu jibu lilikuja, mstari mmoja. Walisema ndiyo, sanduku limefunguliwa, kila kitu kiko sawa. Baba alinitaka nimsomee mara mbili. Kesho yake akaenda benki na kile kilichobaki cha kiinua mgongo chake.

Tukangoja Juni nzima. Walimu walianza kuleta bahasha mapema, kama kawaida yao, na Mama akazipokea zote. Nilikuwa nikimwona akisimama mlangoni ili mtu asione kompyuta iliyovuliwa bati. "Iko njiani, mwalimu. Inshallah wiki hii." Mwalimu mmoja wa hesabu alisema amesikia wa Mikindani wana mashine mbili. Mama akamjibu kwa tabasamu, "Mashine mbili ndizo zinazokosea mara mbili," naye akacheka akaiacha bahasha. Bahasha kumi na moja zilipangwa juu ya meza. Nilizipangusa vumbi kila siku nilipotoka shule.

Kifurushi kilifika Jumatano, tarehe saba Julai. Posta mtu wa forodha alikata utepe mbele ya Baba, akachungulia, akauliza hiki nini, Baba akamwambia ubao wa kompyuta, akagonga muhuri. Baba alirudi nyumbani amekibeba kifuani kwa mikono miwili. "Sasa kimekaguliwa mara mbili," akasema. Nilikitazama kile kijisanduku. Kilikuwa kizuri, kina rangi za buluu na picha ya ubao wenyewe, na pembe moja ilikuwa imebonyea. Nikamwomba Mungu iwe yule mnunuzi alibadili mawazo tu. Niliomba kwa maneno hayo hayo.

Alhamisi baada ya alasiri fundi akaja chumbani kwetu cha chapa. Tulikuwa wanne, Baba, Mama, fundi na mimi. Fundi akautoa ubao kwenye mfuko wake wa plastiki, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akapitisha kidole pembeni mwake.

"Vipi?" Mama akauliza.

"Mzee," fundi akamwambia Baba, "sanduku ni la mtoto mchanga. Aliyelala ndani ni babu yake."

"Wasema nini?"

"Hii si mpya. Ona vumbi hapa pembeni. Hapa betri imeng'olewa. Na huku chini," akaugeuza, "ona palivyokuwa peusi. Hii imeungua kama yenu, tena kabla ya yenu."

"Iwashe kwanza," Mama akasema.

"Mama, haiingii hata kwenye—"

"Iwashe."

Akajaribu, kwa heshima yake. Vile vitu vyetu vizima havikuingia mahali pake, nafasi zilikuwa za namna nyingine kabisa. Alichoweza ni kuunganisha waya za stima. Hakuna kilichozunguka.

Baba alikuwa amevaa miwani. Alichukua sanduku mkono wa kushoto na ubao mkono wa kulia, akasogea mlangoni, akaanza kulinganisha nambari, midomo yake ikisogea, kama alivyofanya shedini kila siku ya Mungu. Alifika mwisho akarudia tangu mwanzo. Tulimngoja. Lori likapita, meza ikatetemeka.

"Hazilingani," akasema taratibu.

Fundi akaeleza, na sauti yake ilikuwa ya huruma, jambo lililonitia uchungu zaidi. Alisema wako watu wananunua ubao mpya, wanauchukua ule mpya, wanatia wa kwao uliokufa ndani ya sanduku, kisha wanarudi dukani wanadai pesa zao. Duka halitazami. Linaliuza tena kwa bei ya chini na kukwambia kama lilivyo. Akakataa malipo ya siku ile. Alipotoka, Mama alilichukua bati la kompyuta yetu akalirudisha mahali pake, akaanza kukaza skrubu moja moja kwa ncha ya kisu cha kukatia karatasi.

Baba alikaa kwenye kiti cha wateja. "Lete karatasi na kalamu," akaniambia. "Tutadai. Mzigo ukifika sivyo, hudaiwa. Kuna siku saba." Nikaleta. Akaanza kunisomea maneno, yale ya barua za madai alizoziandika miaka yote, nami nikayageuza Kiingereza kwa mkono. Tumepokea sanduku nambari fulani. Kilichomo hakilingani na maelezo. Twaomba mtume kilicho sahihi kwa gharama zenu. Sauti yake ilipata nguvu kidogo kila sentensi, akaanza kuelekeza kwa kidole mahali pa kuweka nukta. Aliamini. Niliandika mpaka mahali pa sahihi, kisha nikaiweka kalamu chini.

"Baba."

"Andika tarehe."

"Baba, kwenye ule ukurasa walisema hawapokei madai."

"Ukurasa gani?"

"Ule wa siku ya kwanza. Yale maandishi madogo ya chini. Walisema kilirudishwa na mtu. Walisema hawakukipima, na kikinunuliwa hakirudi."

Mama aliacha kukaza skrubu. Hakugeuka.

"Uliyaona lini hayo?" Baba akauliza.

"Siku ile ile."

"Nikakuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambiaje?"

Nilikuwa najua ananitaka nilirudie lile neno, na nikalirudia. "Nilikwambia wasema sanduku limeshafunguliwa."

Alinitazama, si kwa hasira. Ningesema alinitazama kama mtu anayehesabu upya mzigo aliokwisha kuutia sahihi. "Miaka ishirini na sita," akasema, "sikuwahi kumwambia mtu ndiyo bila kuona." Kisha akasema, "Niliona, lakini kwa macho yako." Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, akatoka kwenda msikitini, na magharibi ilikuwa bado.

Nikabaki na Mama. Nilingoja aseme. Alikaza skrubu ya mwisho, akafunika kompyuta kwa kile kitambaa chake chenye maua.

"Nilikuuliza jikoni," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Nami nilijua wajua. Nikaacha, kwa sababu babako alikuwa anacheka." Akaketi mbele ya mashine iliyofunikwa, mikono mapajani. "Tumenyamaza wawili basi. Funga dirisha."

Usiku ule hakuna aliyemlaumu mwenzake. Wadogo zangu waliulizwa masomo yao, wali ukaliwa. Ningekuwa na raha zaidi kama mtu angevunja sahani.

Asubuhi, Ijumaa, Mama hakuamka kwenda chumba cha chapa. Alilala ameelekea ukutani, akasema ana kichwa. Baba alikuwa ameshatoka. Nikavaa sare ya shule, nikachukua ufunguo uliokuwa juu ya kabati, nikaenda kufungua. Bahasha zilikuwa pale pale mezani. Nilizigawa kwa shule, nikazifunga kwa uzi mafungu manne, nikazitia ndani ya mkoba wangu, vitabu nikaviacha.

Shule ya kwanza iko karibu. Nilifika watoto wakiwa kwenye gwaride. Naibu wa mwalimu mkuu ni mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, humjia Mama tangu zamani. Nilisimama mlangoni mwa ofisi yake, moyo wanipiga mpaka kwenye meno.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Wewe si wa yule mama wa chapa? Mmemaliza?"

"Hapana, mwalimu. Nimezirudisha."

Akapokea fungu, akazihesabu bahasha kwa kidole gumba. "Hazikufunguliwa hata."

"Kompyuta imekufa. Tangu Mei."

"Mamako aliniambia iko njiani."

"Ilifika. Haikuwa yenyewe."

Alinitazama juu ya miwani. Akavuta saraka, akaitia ile mitihani, akauliza, "Muhula wa tatu je? Niwawekee?"

Mama angesema inshallah. Baba angesema ndiyo. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na lilitoka kwa sauti yangu ya kawaida.

"Hapana, mwalimu."

"Hamtaweza kabisa?"

"Hatutaweza."

Akatikisa kichwa kidogo, akafunga saraka. Kisha akauliza, kama mtu anayeomba kitu kidogo tu, "Yule mwingine wa Mikindani yuko upande gani wa kituo? Mimi huko sipajui."

Nikamweleza. Upande wa kushoto ukishuka, mlango wa buluu, baada ya kinyozi. Nikarudia mara ya pili ili asipotee. Kisha nikafunga mkoba, nikaenda shule ya pili.